Kati ya Skrini ya Nne na ya Tano

Tulimzika Barnaba huko Chepsaita, Jumamosi ya manyunyu, katika shamba lake mwenyewe, upande wa chini ambako mahindi hukomaa mapema. Nilikaa hemani pamoja na akina mama wa kanisa lake, ingawa mimi ni Mkatoliki na wao siyo, na wakati wa chakula binti yake mkubwa akanishika mkono akaniingiza ndani. Alitoa juu ya kabati karatasi iliyoviringishwa, imefungwa kwa uzi wa pamba. "Mama Teresia," akasema, "baba aliacha neno kwamba hii ni yako. Alisema utaijua." Niliijua kabla sijafungua uzi. Ilikuwa kalenda ya ukutani, kubwa, na nyuma yake, kwa penseli, yalikuwa maduara tisa na mistari inayoyaunganisha, na tarakimu ndogo juu ya kila mstari. Niliikunjua magotini nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha marehemu, na nje watu wakaendelea kuimba. Nimeishi miaka mingi tangu alipoichora. Nimefundisha katekisimu watoto ambao sasa wananiletea watoto wao. Na bado nikijiuliza ni nani alinifundisha maana ya kushuhudia kweli, baada ya wazazi wangu na mapadre, jibu ni mtu yule niliyekaa naye mwaka mmoja tu katika chumba kisicho na dirisha.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya ofisi za kiwanda cha nguo, pale Eldoret. Mlango wake ulifunguka upande wa barabara, si upande wa kiwanda, na hiyo ilikuwa kwa makusudi. Mimi na Barnaba tuliajiriwa kutazama, na mtazamaji hakutakiwa kujuana na watazamwa. Tulikatazwa kukanyaga ndani ya karakana. Tulikatazwa kusema mtaani tunafanya kazi gani. Kamera tisa zilikuwa zimefichwa juu, nyuma ya nyavu za kupitishia hewa, na mbele yetu kulikuwa na televisheni ndogo tisa za picha nyeusi na nyeupe, zimepangwa kwenye rafu tatu, tatu kila rafu. Zilinuka vumbi lililopata moto. Ukutani kulikuwa na picha ya Rais, kama kila ofisi ya wakati ule, na chini yake saa isiyokuwa na mshale wa sekunde. Mezani kulikuwa na daftari refu ambamo tuliandika saa, namba ya skrini, na kilichoonekana. Mashine ya kunasa picha haikuwepo. Kilichopita kimepita, na kilichobaki ni maneno yetu.

Barnaba alikuwa na miaka thelathini na kitu, mrefu, mpole, na kichwa alikiinamisha kidogo hata pale dari ilipokuwa juu. Alileta ugali wa jana na mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye chupa ya plastiki, mimi nikaleta githeri ya mahindi na maharagwe au viazi vitamu, na tulibadilishana bila kuulizana. Alinitania tangu siku ya kwanza. "Msichana wa Timboroa, huko kwenu baridi imewafanya muwe mnasali na makoti?" Nami nikamwambia huko kwao Chepsaita wanasali kwa sauti kubwa kwa sababu Mungu amekaa mbali nao. Alicheka mpaka akafuta machozi. Jambo moja lilituuma sote wawili. Mara mbili kwa siku tuliiona chai ikipita kwenye skrini zetu, na hatukuinywa hata siku moja. Mama mmoja mfupi, kitambaa kichwani, alisukuma toroli lenye birika mbili kubwa na vikombe vya bati. Jina lake, Mama Njoki, tulilijua kwa sababu sauti za wafanyakazi wakimwita zilipenya ukutani. "Ona mvuke ule," Barnaba alikuwa akisema. "Haki, hii kazi ni adhabu."

Sasa lazima nieleze kasoro ya chumba kile. Wiki chache kabla hatujaajiriwa, radi ilipiga kiwanda. Nyaya ziliungua, na vibandiko vya namba vikaungua pamoja nazo. Fundi wa kiwanda aliziunganisha upya jinsi alivyoweza, waya huu kwenye skrini hii, ule kwenye ile, na yule fundi wa Nairobi aliyezifunga mwanzoni alikuwa ameondoka na ramani yake. Hivyo tulikuwa na picha tisa, na hakuna aliyejua kwa hakika ipi ilipakana na ipi. Kuta zote zilikuwa za kijivu, milango yote ya chuma, korido zote zilifanana. Kwenda kuchungulia tulikatazwa. Kuuliza nako hakukuwa rahisi, maana siku zile mtu aliangalia nyuma yake kabla ya kuuliza swali, na meneja, ambaye alikuwa mgeni kiwandani na alivaa beji ya chama kwenye koti, alikuwa amewaonyesha wageni wake skrini zile kwa fahari. Basi tukafanya kama wote walivyofanya. Tulichukulia kwamba skrini zilizokaa jirani kwenye rafu zilionyesha mahali palipo jirani kiwandani.

Ninasema "tulichukulia", lakini Barnaba hakuchukulia. Wiki ya pili aliniuliza, "Nani alituambia nne iko karibu na tano?"

"Si zimekaa pamoja?"

"Mimi na wewe tumekaa pamoja," akasema. "Wewe ni wa Timboroa, mimi ni wa Chepsaita."

Akashusha kalenda ukutani, akaigeuza, akachora maduara tisa. Alikuwa ameona kwamba Mama Njoki alipita njia ile ile kila siku, kwa mwendo ule ule, kwa sababu toroli lake lilikuwa na gurudumu bovu na hakuweza kuharakisha. Alianza skrini ya saba. Akipotea hapo, alitokea ya pili. Akitoka ya pili, aliingia ya nne, pale kwenye mlango wa stoo ya nguo zilizokamilika, wenye kufuli kubwa. Akitoka ya nne hakuonekana popote kwa muda mrefu, kisha alitokea ya tano, penye ukuta wa nje na seng'enge juu yake. "Huyu mama anatuchorea kiwanda," Barnaba alisema. "Sisi kazi yetu ni kufuata tu." Kilichomshinda ni kupima. Saa yetu ilionyesha dakika tu, na alitaka kipimo kidogo zaidi. Akanitazama mkononi. "Wewe na shanga zako. Salamu Maria moja inachukua muda gani?"

Nilikasirika kidogo. Rozari si saa. Lakini nilijaribu, na nikaona kwamba, nikisali kwa moyo uliotulia, dakika moja ya saa ile ilichukua Salamu Maria tano, na sita ilikuwa haraka isiyo na heshima. Jumapili nilimwuliza padre kama ninatenda dhambi. Akasema, "Mradi unazisali kweli." Basi nikazisali kweli. Kutoka saba hadi mbili, nane. Kutoka mbili hadi nne, kumi na moja. Kutoka nne hadi tano, arobaini. Barnaba aliandika tarakimu zile juu ya mistari kwa mwandiko mdogo safi, na baada ya majuma kadhaa tulikuwa na kitu kinachofanana na kiwanda, kilichochorwa na watu wawili ambao hawakuwahi kukiingia. Kwangu ulikuwa mchezo mzuri. Ramani ilikuwa mezani, mbele ya macho yangu, na hata hivyo mkono wangu uliendelea kuandika daftarini kwa mazoea yale ya zamani. Hilo ndilo kosa langu, na nimelikiri mahali panapostahili.

Asubuhi moja Barnaba aliitwa ofisini kusaini karatasi, nikabaki peke yangu. Saa nne na dakika kumi niliona kwenye skrini ya nne kibarua akiingia mlango wa stoo na mkokoteni. Ovaroli yake ilikuwa na namba mgongoni, sitini na moja. Dakika ile ile, mshale haujasogea, niliona kwenye skrini ya tano mtu wa ovaroli akienda kuelekea ukutani na mzigo begani. Mzigo ulifunika mgongo wake. Nikaandika: "Sitini na moja ameingia stoo na mkokoteni, ametokea nyuma ya stoo na mzigo, ameelekea ukutani." Niliandika kwa mwandiko mzuri. Siku tatu baadaye ilibainika kwamba majora matatu ya kaki hayapo stoo. Afisa wa ulinzi alifungua daftari, akapata mstari wangu, na kabla ya chakula cha mchana sitini na moja alikuwa amerudishwa nyumbani. Ilikuwa Jumanne. Tuliambiwa kwamba polisi watakuja kumchukua Ijumaa, na kwamba mimi nitaitwa kusoma nilichoandika. Ndipo nikasikia jina lake, Elijah Wafula, na kwamba mke wake alikuwa karibu kujifungua.

Barnaba alisoma mstari ule mara mbili. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

"Tere, kwenye nne uliona mtu?"

"Niliona."

"Kwenye tano uliona mtu?"

"Niliona."

"Na hapo katikati uliona nini?"

Nikausoma tena mstari wangu.

"Hukuona kitu," akasema taratibu. "Ya katikati uliandika wewe."

Nililia. Nikamwambia nitachana ukurasa, niseme panya wamekula. Akaweka kiganja chake kikubwa juu ya daftari. "Ukichana utakuwa umedanganya mara ya pili. Wacha ibaki. Tutaonyesha ilivyokosewa." Hoja yake ilikuwa nyepesi. Kama kutoka nne hadi tano ni Salamu Maria arobaini, basi mtu aliyeingia stoo saa nne na dakika kumi hawezi kuwa ukutani dakika hiyo hiyo. Watu walikuwa wawili. Lakini kwanza, alisema, tuhesabu upya, tusije tukaenda mbele ya meneja na kipimo cha mchezo. Jumatano Mama Njoki alipotoka skrini ya nne nilianza shanga zangu, na kila moja niliiombea nyumba ya Elijah. Alitokea tano nilipofika ishirini.

Nilidhani nimeruka. Chai ya alasiri tukahesabu tena. Ishirini. Alhamisi, ishirini. Njia ile ile, toroli lile lile, na umbali umekatika nusu. Nilimwambia Barnaba tunyamaze juu ya hizo za sasa, tupeleke arobaini, maana arobaini ilimtetea Elijah vizuri zaidi, na tena tulikuwa tumeihesabu kwa haki. Barnaba aliivuta kalenda karibu. Kisha akachukua kifutio, akaifuta arobaini, akaandika ishirini. "Tutabeba ile inayotubana," akasema. "Kama ni kweli, itatosha." Alama ya ile iliyofutwa ilibaki, kwa sababu penseli yake ilikuwa imechimba karatasi.

Ijumaa asubuhi alivaa tai. Alikuwa na watoto wanne na shamba ambalo halijalipa kitu, na alikuwa anakwenda kumwambia mkubwa wake kwamba skrini za fahari zimevurugika. Meneja alikuja mwenyewe chumbani, akasimama mbele ya kalenda, mikono nyuma.

"Kwa hiyo, Barnaba, unaniambia mimi sijui kiwanda changu?"

"Hapana, Bwana Meneja. Nakuambia sisi ndio hatukijui, na tumeandika kama tunakijua."

Meneja aligeuka akanitazama mimi na rozari yangu. "Na hiki ndicho kipimo? Sala?"

"Ndiyo, Bwana," nikasema.

"Usituamini," Barnaba akasema. "Mwendo wa toroli la chai si mwendo wa mtu mwenye haraka. Tembea wewe. Mama Njoki anatoka sasa hivi. Mfuate kutoka mlango wa stoo, umharakishe utakavyo. Kama utatokea tano kabla ya huyu msichana kumaliza Salamu Maria sita, mimi nitavua hii tai niende nyumbani."

Nilijua alichoweka mezani. Meneja naye alijua, maana alitoka papo hapo. Tukangoja. Kwenye skrini ya saba alitokea Mama Njoki, na kando yake meneja na koti lake, na wafanyakazi waliokuwa wamekaa wakaruka wima kila walipopita. Kwenye ya pili meneja alikuwa amemtangulia kwa hatua mbili. Kwenye ya nne aligusa kufuli la stoo kwa mkono, akaashiria, twende, na wote wawili wakatoka nje ya picha wakikaribia kukimbia. Nikaanza. Ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tano kulikuwa na ukuta tu. Ya tano, ya sita. Ukuta. Barnaba alishusha pumzi, nami sikuacha kusali, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kuzisali kweli. Kumi. Kumi na moja. Nilipofika kumi na tatu koti likaingia ndani ya picha. Meneja alisimama akihema, akatoa leso akafuta paji la uso, akatazama ukuta, akazunguka akitafuta kamera iko wapi, asiione. Nyuma yake Mama Njoki alishika toroli lake. Yeye hakutafuta. Aliinua macho taratibu akatutazama moja kwa moja, sisi wawili, kama mtu anayeangalia watu dirishani.

Meneja aliporudi alikuwa bado anahema. "Kuna karakana nzima ya kufumia hapo katikati," alisema, kana kwamba tumeijenga sisi. "Na kantini, na chumba cha boila. Hakuna mkato, labda mtu apite juu ya mashine." Kisha akainama juu ya kalenda, kidole chake kikatua kwenye ule mstari. "Na hii arobaini iliyofutwa? Huyu mama zamani alikuwa anafanya nini hapo katikati?"

Barnaba alikuwa na nafasi ya kusema lolote. Alisema, "Hapo hatuoni, Bwana."

Meneja alimtazama, akacheka kidogo, akaenda. Polisi hawakuja. Jumatatu sitini na moja alirudi kwenye skrini ya nne na mkokoteni wake, na mimi nikajifunika uso kwa leso nikamshukuru Mungu. Yule mtu wa ukutani hatukumjua kamwe. Tangu siku ile Barnaba alitaka tuandike daftarini kwa namna moja tu. Tuliandika tulichokiona. Palipokuwa na pengo tuliandika "hapa hatuoni", tukapiga mstari, tukaendelea. Mwaka ulipokwisha nilikwenda chuo cha makatekista, naye akabaki. Sikupata nafasi ya kumwomba Elijah msamaha. Sheria ilikataza tusijulikane, na baadaye ilikuwa aibu yangu mwenyewe iliyokataza.

Kwa hiyo pale Chepsaita, nilipotoka ndani na kalenda mkononi, na mzee mmoja mwembamba akaondoka kwenye foleni ya chakula akanijia, sikujua ni nani. "Mama, wewe ndiye Teresia wa shanga," akasema. "Mimi ni sitini na moja." Tukaketi kwenye benchi. Aliniambia kwamba Barnaba, baada ya kustaafu, alimtafuta mpaka akampata, na kwamba walikuwa wakitembeleana miaka yote hii. Nilimwambia ni mkono wangu ulioandika. "Najua," akasema. "Aliniambia. Aliniambia pia ulisali ishirini kila siku kwa ajili ya nyumba yangu. Yule mtoto sasa ni mwalimu."

Kisha akaniambia jambo lingine. Vibarua hawakuwa kwenye orodha ya chai. Nyuma ya boila, kona moja ambayo Mama Njoki alijua haiwezi kuonekana, kwa kuwa alikuwa amezitambua kamera zote tisa tangu mwanzo, alisimama kila siku akammiminia Elijah kikombe, na kusubiri anywe. Siku ile, saa nne na dakika kumi, alishusha mkokoteni stoo, akatoka, akaenda pale pale kungoja chai.

"Mbona hukusema, mzee wangu?"

"Ningesema nini? Mama alikuwa na watoto watano. Angefukuzwa siku hiyo hiyo."

"Na yeye alinyamaza?"

"Mimi nilimkataza. Lakini ile Ijumaa alikuja kazini na nguo ya kanisa chini ya aproni. Alikuwa anakwenda kusema. Halafu meneja mwenyewe akatokea pale mlangoni, akamwambia, haya mama, twende."

Nikamwuliza kama Barnaba alijua. Elijah alitikisa kichwa. "Sikumwambia. Na yeye, miaka yote tumekunywa chai pamoja, hakuniuliza."

Walituletea chai wakati huo, ya maziwa, moto sana, katika vikombe vya bati. Niliiweka kando nikaifungua kalenda tena. Kati ya duara la nne na la tano ilikuwepo ishirini, na chini yake kovu la arobaini, na kando, kwa mwandiko mdogo safi, maneno mawili: hapa hatuoni. Hakuna kingine alichoongeza, ama kwa sababu hakujua, ama kwa sababu alijua. Nilikuwa na kalamu mkobani, na sasa nilifahamu kilichokuwa pale. Niliitoa. Kisha nikairudisha, nikaviringisha karatasi, nikafunga uzi, nikanywa chai yangu pamoja na Elijah.